Shingo ya duara haipimwi kwa sahani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalohusu nguo tunazovaa kila siku huku Nyanda za Juu Kusini. Kwa miaka zaidi ya 20 niliyokaa nyuma ya cherehani hapa Uyole, nimeliona likiwasumbua akina mama, wazee na watoto bila mtu kulisemea. Jambo lenyewe ni shingo ya duara, ile ambayo wateja wetu huiita raundi, na ambayo imo katika magauni, blauzi, madera, fulana, masweta na hata nguo za watoto wachanga. Ninaamini kwamba shingo hii ndiyo inayotufaa kuliko nyingine yoyote kwa kazi na hali ya hewa ya kwetu. Ninaamini pia kwamba ndiyo inayoshonwa vibaya kuliko zote, kwa sababu mafundi wengi tunaichukulia kuwa tundu la kupitishia kichwa, wala hatuipimi kama tunavyopima kifua, kiuno na nyonga.

Anayetaka kujua kama shingo ya nguo imekatwa vizuri asimtazame mvaaji akiwa amesimama mbele ya kioo. Amtazame akiwa ameinama shambani wakati wa palizi, au akivuna viazi kwenye miteremko ya Umalila na Makete, au akifua nguo kwenye beseni nyuma ya nyumba yake. Shingo iliyokatwa kwa kipimo hutulia juu ya mitulinga, na mama anapoinama kifua chake hubaki kimesitirika bila yeye kukikumbuka. Shingo iliyopanuka kupita kiasi huning'inia kama mdomo wa gunia, na nimewaona kwa macho yangu wanawake wakiokota viazi kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umeshikilia nguo kifuani, siku nzima, kwa sababu ya sentimita chache ambazo fundi hakuzipima. Ikija Juni na Julai, upepo wa asubuhi huingia kifuani kwa njia hiyohiyo, na khanga ambayo mama angejifunika mabegani au kumbebea mtoto inageuka kuwa kiraka cha kuzibia shingo ya gauni.

Chanzo cha tatizo nakijua vizuri kwa kuwa nami nilifundishwa hivyo. Nilipokuwa mwanafunzi wa kushona barazani kwa fundi mmoja mjini Mbeya, tulikuwa tukikunja kitambaa mara mbili kikawa na tabaka nne, tunaweka sahani ndogo ya bati juu yake kwa namna ambayo kona ya mkunjo inaangukia katikati ya sahani, tunazungusha chaki, kisha tunakata. Ukifungua kitambaa unapata duara safi kabisa linalopendeza machoni, na kazi yote haichukui hata dakika mbili. Kwa njia hiyo nilikata magauni 14 ya kitenge ya kwaya moja, yote kwa sahani moja, ya wanawake wanene na wembamba, warefu na wafupi. Jumapili waliposimama mbele ya waumini kuimba, karibu kila mmoja alikuwa akilivuta gauni lake mbele kwa vidole, kwa maana lilikuwa likirudi nyuma na kumkaba koo, na kila walipoinua mikono lilirudi tena. Nilikuwa nimekaa benchi la tatu, nikaona kila kitu. Hakuna aliyekuja kunilaumu, lakini kuanzia siku hiyo sijaweka tena sahani juu ya kitambaa cha mtu.

Kosa la sahani ni hili. Shingo ya binadamu haikusimama wima katikati ya mabega kama mche wa mgomba, imeinamia mbele. Ukipapasa nyuma ya shingo yako huku umeinamisha kichwa, utakuta pingili moja ya uti wa mgongo imejitokeza kuliko nyingine, na ukishuka kwa kidole upande wa mbele utakuta kijishimo chini ya koo, kati ya mitulinga miwili. Pingili ile iko juu, kijishimo kile kiko chini zaidi, na nguo inayotaka kutulia lazima ifuate tofauti hiyo: nyuma ikatwe kwa kina cha sentimita 2 au 3 tu, mbele ishuke sentimita 8 au 9 kutegemea mvaaji. Sahani haijui mbele wala nyuma. Inakata kina kilekile pande zote mbili, kwa hiyo kitambaa kinakosekana nyuma kinakohitajika na kinabaki mbele kisikotakiwa, na nguo yenyewe hutafuta usawa wake kwa kurudi mgongoni mpaka ukingo wa mbele unagusa koo.

Liko kosa la pili ambalo limejificha ndani ya lile la kwanza, nalo ni la hesabu. Sahani yenye upana wa sentimita 18 ina mzingo wa sentimita 56 na nusu hivi, ambao ni karibu sawa na mzingo wa kichwa cha mwanamke mzima. Fundi anaona kichwa kitapita, anaridhika, anakata. Kisha anashona kwa kuingia ndani sentimita 1 kuzunguka shingo yote, na duara linapanuka upana wake kutoka sentimita 18 hadi 20, na mzingo unafika karibu sentimita 63. Sentimita 1 ya mshono imeongeza zaidi ya sentimita 6 za mzingo, na ndiyo maana mteja anayesema alitaka shingo ya kubana anakabidhiwa shingo inayoteremka begani. Fundi naye anaapa kwamba alikata kama alivyoambiwa, na kwa kweli alikata hivyo. Alichosahau ni kwamba duara hukatwa dogo kuliko linavyotakiwa kuwa baada ya kushonwa.

Hapa mtu ataniuliza kichwa kitapitaje iwapo shingo itakatwa ndogo. Swali hili ni la haki. Shingo yenye upana wa sentimita 18, kina cha 9 mbele na 2 na nusu nyuma, ina mzingo wa sentimita 47 hivi, na kichwa cha sentimita 57 hakiwezi kupita hapo hata kwa kusukumwa. Dawa yake ni mpasuo mdogo, ama mgongoni ama mbele, unaofungwa kwa kifungo na kitanzi au kwa zipu. Mpasuo huongeza mzingo mara mbili ya urefu wake, kwa sababu una kingo mbili, kwa hiyo mpasuo wa sentimita 6 unaongeza sentimita 12 na kichwa kinapita, na mpasuo wa sentimita 10 unapitisha kichwa pamoja na nywele zilizosukwa bila mtu kuhangaika. Mama anayenyonyesha afunguliwe mpasuo mrefu zaidi, tena mbele, wenye vifungo vitatu au vinne, na shingo yake itabaki ya duara vilevile.

Nadhani macho yetu yalizoeshwa vibaya na fulana. Fulana ya shingo ya duara ilianza kama nguo ya ndani, na mwanzoni mwa karne ya 20 jeshi la majini la Marekani lilikuwa likiwapa mabaharia wake fulana kama hizo wavae chini ya sare zao. Ile haikuhitaji kifungo wala mpasuo kwa kuwa imefumwa kwa vitanzi vidogo vya uzi vinavyovutika: inapanuka kichwa kinapopita, kisha inarudi. Kitenge, tetroni na pamba iliyofumwa kwenye mitambo ya kawaida kwa nyuzi zinazopishana havivutiki hivyo. Mteja anaponiletea kitenge na kuniomba shingo kama ya fulana, isiyo na kifungo popote, anaomba kitu ambacho kitambaa chake hakiwezi kumpa, na fundi asiyemweleza anamdanganya hata kama hakukusudia.

Wazee wetu wa Pwani walilielewa jambo hili zamani. Itazame kanzu: shingo yake ni ya duara, haina kola, imekaa karibu kabisa na shingo ya mvaaji, na mbele ina mpasuo ulioshuka kifuani. Darizi inayozunguka shingo na kushuka pembeni mwa mpasuo watu huiona kuwa pambo, na ni pambo kweli, lakini nyuzi zile nyingi zilizopita palepale hushikilia ukingo usivutike wala usichanike pale unaposhikwa kila siku. Ufundi wote ninaoueleza umo katika kanzu moja iliyoshonwa vizuri, na fundi yeyote wa Iringa au Njombe anaweza kuigeuza ndani nje akajionea.

Ukingo wa duara una tabia yake ambayo ukingo ulionyooka hauna. Kitambaa kinapokatwa kwa mviringo, sehemu nyingine zinafuata uzi na nyingine zinakwenda mshazari, na zile za mshazari hulegea mara tu unapokishika. Kwa hiyo nawasihi mafundi wenzangu, hasa vijana, wapige mstari mmoja wa mshono kuzunguka shingo mara baada ya kukata, kabla hata ya kuunganisha mabega, ili ukingo usivutike mikononi. Kipande cha kugeuzia ndani kikatwe kwa umbo lilelile la shingo, kisiwe ukanda ulionyooka unaolazimishwa kuzunguka. Baada ya kushona, mshono upunguzwe na kukatwakatwa vijimkato vidogo kila baada ya sentimita 1 hivi bila kugusa uzi, kwa kuwa bila vijimkato hivyo ukingo ukigeuzwa hujikunja na kutengeneza pembe pembe, na lile linalotajwa kuwa duara linakuwa na kona saba. Anayependa kumalizia kwa ukanda mwembamba aukate mshazari kamili, upana wa sentimita 3 au 4, na auvute kidogo sana anapoushona ili ulale. Kisha pasi. Shingo isiyopigwa pasi kwa uangalifu haijamalizika, na mkaa wa pasi hauna gharama ya kumfanya fundi aukwepe.

Niwaombee wazee nafasi ya pekee, kwa sababu hawa ndio wanaoteseka zaidi na ndio wasiolalamika. Mgongo wa mzee ukishainama, pingili ile niliyoitaja inazidi kutokeza na njia ya kitambaa kutoka kiunoni hadi shingoni inakuwa ndefu nyuma kuliko ilivyokuwa ujanani, wakati mbele inafupika. Akishonewa gauni kwa kipimo cha kawaida, nyuma litapungua na kuvuta shingo yote. Mwaka jana aliletwa kwangu bibi mmoja kutoka upande wa Tukuyu akiwa na gauni jipya aliloshonewa kwingine. Alikuwa amelikata mwenyewe kwa wembe sehemu ya mbele ya shingo, sentimita 4 au 5 kwenda chini, akaacha nyuzi zinaning'inia. Nilipomuuliza kwa nini aliharibu nguo nzuri namna ile alinijibu kwamba hakuiharibu, aliifungua apate kupumua. Nilimshonea lingine. Nilimpima akiwa amesimama kama anavyosimama siku zote, bila kumwambia anyooke, nikaongeza sentimita 2 za urefu mgongoni na kupunguza kiasi hichohicho mbele, na shingo ikatulia mahali pake. Ilinichukua robo saa zaidi ya kawaida.

Kwa watoto hesabu inageuka. Kichwa cha mtoto hukua mapema kuliko mwili wake: mtoto anazaliwa na kichwa chenye mzingo wa sentimita 35 hivi, akitimiza mwaka mmoja kimefika karibu 46, na anapoanza shule ni karibu 51, ambacho si mbali sana na kichwa cha mtu mzima, ilhali shingo yake bado ni nyembamba kama ya kifaranga. Ndiyo maana watoto hulia wakivalishwa. Nguo iliyokatwa kulingana na shingo yao hukwama masikioni na puani, nasi katika baridi yetu tunawavika nguo tatu kwa mpigo, kila moja ikipita usoni kwa nguvu. Nguo za vichanga zilizotengenezwa kwa akili zina mabega yanayopishana, kipande cha mbele kikilalia cha nyuma, hivyo shingo inafunguka pande zote mbili na nguo inaweza hata kuvuliwa kwa kuteremshwa miguuni, jambo ambalo kila mzazi aliyewahi kumvua mtoto aliyejichafua atalishukuru. Asiyetaka kushona hivyo aweke vifungo viwili vya kubana begani. Inatosha.

Kuhusu masweta ya shule nitasema kidogo. Sweta la shingo ya V limetengenezwa lionyeshe kola na tai, na kwa mwanafunzi mkubwa halina ubaya. Kwa mtoto wa darasa la kwanza wa Njombe au Mafinga ambaye shati lake limeshapoteza kifungo cha juu, V hiyo inaacha wazi mahali palepale panapohitaji joto. Kamati za shule zinazochagua sare katika wilaya za baridi zingefikiria sweta la shingo ya duara kwa madarasa ya chini, kola ikatolewa nje kama kawaida.

Siwezi kumaliza bila kuzungumzia fulana za mitumba, maana hata sisi mafundi tunazivaa. Mnunuzi anayesimama sokoni Mwanjelwa mjini Mbeya au Mlandege mjini Iringa mbele ya rundo la fulana huangalia rangi na maandishi ya kifuani, kumbe kinachoamua kama fulana hiyo itamfikisha mwakani ni ukanda wa shingo. Auvute kwa vidole viwili na kuuachia. Ukirudi papo hapo, uzi wake bado una uhai. Ukibaki umechanua kama ua, aiache. Kisha ageuze ndani atazame nyuma ya shingo: fulana iliyotengenezwa kwa uangalifu ina utepe mwembamba ulioshonwa kutoka bega hadi bega kufunika mshono, nao huzuia mabega na shingo kupanuka. Wanaonunua fulana mpya kwa ajili ya mikutano na mahafali nao waangalie jambo hili, kwa sababu ukanda wa shingo unapaswa kukatwa mfupi kuliko tundu lenyewe, kwa mfano sentimita 44 kwa tundu la 52, ndipo ulale shingoni. Ukikatwa sawa na tundu utasimama mbali na mwili kuanzia siku ya kwanza. Nyumbani, fulana iliyofuliwa isianikwe kwa kubanwa shingoni, kwa kuwa pamba iliyolowa ni nzito na uzito wote unaning'inia hapo. Ianikwe kwa kubanwa upindo wa chini. Wale wanaopendelea fulana zenye kola, zile tunazoziita fomu siksi, hawana shida hii kwa kiasi kikubwa, lakini zina joto na bei yake iko juu, na anayekwenda kubeba matofali hatavaa kola.

Najua wenzangu watajibu kwamba wateja hawalipi muda huo wote. Ni kweli kwamba mteja wa sare hutuletea vitambaa 30 siku nne kabla ya harusi na kutaka bei ya chini, na katika hali hiyo sahani inashawishi. Lakini mteja huyohuyo akielezwa kwamba shingo ina vipimo vyake ataelewa, kwani hakuna mwanamke asiyeijua karaha ya gauni linalorudi mgongoni. Viongozi wa kwaya na vikundi vya akina mama wanaojiandaa kwa Krismasi watuletee watu pamoja na vitambaa, tuwapime mmoja mmoja, na wasikubali kipimo cha mtu mmoja kitumike kwa wote. Kwangu daftari la vipimo lina mistari mitatu ya shingo kwa kila mteja: mzingo wa kichwa, kina cha mbele na kina cha nyuma. Kumpima mtu vipimo hivyo vitatu kunachukua muda mfupi kuliko kutafuta sahani jikoni.

Naomba pia gazeti lako, likipata nafasi katika kurasa za mwisho wa juma, lichapishe mchoro wa shingo ya mbele na ya nyuma ukiwa na vipimo vyake pembeni. Vibanda vyetu vingi vimebandikwa magazeti ukutani kuzuia upepo usipenye kwenye mbao, na kijana anayejifunza kushona huyasoma yote akiwa anasubiri pasi ipate moto. Mchoro huo ningeubandika juu ya meza ya kukatia.

Msomaji wako,
Fundi cherehani,
Uyole, Mbeya.